Ufunguo wa huduma za serikali umebadilika: wako uko mikononi mwa nani?



Kuna swali ambalo hapa Machakos naulizwa karibu kila wiki, na nikipiga simu nyumbani Mombasa nalikuta lile lile. Mtu ana kitambulisho chake, ana neno lake la siri, lakini akitaka kuingia kwenye huduma ya serikali mtandaoni anaambiwa: tumekutumia nambari. Imetumwa wapi? Kwenye laini aliyoacha kuitumia mwaka juzi. Mlango ni wake, ila ufunguo hanao.

Mimi nilisomea kompyuta kwa kiwango cha diploma tu, si mtaalamu mkubwa. Lakini majirani huniletea simu zao, na nimeona kwamba wengi wetu tunaufuata utaratibu huu mpya bila kuelewa uliletwa kwa nini. Asiyeelewa kazi ya kufuli ndiye anayempa mwizi ufunguo. Kwa hivyo leo tuelezane.

Zamani mambo yalikuwa ya makaratasi. Ulikwenda ofisini, ukapanga foleni, karani akakutazama uso na kipande chako. Mwaka 2013 Huduma Centre ya kwanza ikafunguliwa Nairobi, na baadaye kaunti nyingine zikapata zao, Machakos ikiwamo. Mwaka uliofuata ikaja eCitizen. Rais Ruto alipoizindua upya tarehe 30 Juni 2023, tuliambiwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingia humo: pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa, hati za ardhi. Kisha tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ikaondoka na SHA ikachukua nafasi yake. Kadi ya NHIF tuliyoibeba miaka yote haikuwa na kazi tena. Kila mtu ilimbidi ajisajili upya, kwa *147# au mtandaoni, ndipo atibiwe kwa bima.

Sasa fikiria. Karani hakuoni uso. Mashine iliyoko Nairobi itajuaje kwamba anayebonyeza ni wewe, si mwanao, si mwenye saiba, si tapeli?

Kuna njia tatu za kumjua mtu. Ya kwanza ni kwa kitu anachokijua, yaani neno la siri. Ya pili ni kwa kitu alicho nacho, kama simu yake. Ya tatu ni kwa kitu kilicho mwilini mwake, kama alama za vidole.

Neno la siri peke yake limeonekana halitoshi, na sababu tunazijua sisi wenyewe. Nenda saiba yoyote, iwe mjini Machakos au Mwembe Tayari, utakuta wateja wanafunguliwa akaunti na kijana wa pale. Yeye ndiye anayechagua neno la siri, na yeye ndiye anayeliandika kwenye daftari lake. Mara nyingi neno lenyewe ni jina la mteja na mwaka wa kuzaliwa. Kwa hivyo daftari moja lina funguo za mtaa mzima. Simsingizii kijana, wengi wao ni waaminifu na wanatusaidia sana. Lakini daftari linaweza kuibwa hata kama mwenyewe ni mwaminifu.

Ndiyo maana ukiingia eCitizen leo, baada ya neno la siri unaletewa nambari kwenye simu au barua pepe. Wahudumu huiita OTP. Ni nambari ya kutumika mara moja tu, na baada ya muda mfupi haifanyi kazi tena. Aliyeiba daftari atakuwa na neno lako la siri, lakini simu yako hanayo, basi atakwama hapo. Ni sawa na nyumba yenye kufuli mbili, na funguo zake hazikai mfuko mmoja.

Tuseme ukweli pia kuhusu kisichozuiwa na kufuli hii. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, watu wakakosa huduma. Aliyekuwa waziri, Eliud Owalo, alikiri shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Shambulio la namna ile ni kama umati wa watu kujazana mlangoni hadi mwenye haja ashindwe kupita. Nambari ya simu haizuii hilo. Inachozuia ni mtu mmoja kuingia ndani kwa jina lako.

Tatizo kubwa kwetu ni kwamba ufunguo umehamia kwenye laini ya simu, na sisi laini hatuziheshimu. Tunanunua laini kwa sababu ya ofa, tunaitupa ofa ikiisha. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kumuuzia mtu mwingine. Hapo nambari zako za serikali zitamwendea mgeni asiyekujua. Wengine laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji au cha bosi wa zamani. Siku ikipotea, hawezi kuirudisha, maana kisheria si yake.

Hospitalini jambo hili liliuma zaidi. SHA ilipoanza, mgonjwa alithibitishwa kwa nambari iliyotumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Chukua familia ya kawaida ya Kipwani: mke na watoto wako Machakos, baba anafanya kazi bandarini Mombasa, na simu iliyosajiliwa ni yake. Mtoto anapandwa na homa usiku, baba yuko zamu na simu imezimwa. Wote wanamjua mtoto ni nani isipokuwa mashine. Na upande wa pili, nambari inayoweza kusomwa kwa simu kutoka mbali inaweza pia kutumika kudai malipo ya matibabu ambayo hayakufanyika. Mwaka 2025, Wizara ya Afya chini ya Waziri Aden Duale ikasukuma hospitali ziache kutegemea nambari na zitumie alama za vidole.

Kidole hakisahauliki nyumbani wala hakiishi chaji. Mke hahitaji simu ya mumewe, kila mmoja anakuja na kidole chake. Hiyo ni faida kubwa. Lakini kina mambo mawili ya kuangaliwa.

La kwanza, vidole huchakaa. Mama aliyevunja kokoto, mzee aliyelima mawe ya Ukambani, mvuvi aliyevuta nyavu miaka 40, msuka makuti, hawa vidole vyao mashine huenda isivisome. Watu hawa ndio wanaohitaji huduma kuliko wote. Basi ni wajibu wa kila hospitali kuwa na njia ya pili, na muhudumu asimwambie mgonjwa "mashine imekukataa, rudi kesho." Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Lijue hilo na useme kwa adabu.

La pili, neno la siri likiibwa unalibadilisha, kidole huwezi kukibadilisha. Ndiyo sababu wananchi walikwenda mahakamani juu ya Huduma Namba. Mahakama Kuu iliruhusu mradi ule Januari 2020 kwa masharti, na Oktoba 2021 ikasema kadi zake zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Kuuliza data yangu inawekwa wapi na nani anaiona si ukaidi. Ni haki, na iko Ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko.

Kuna jambo la tatu ambalo Pwani tunalijua kuliko wengi. Mlango huu wote unaanza na kitambulisho. Asiye nacho hana laini kwa jina lake, hana eCitizen, na bima ataipata kwa taabu. Wamakonde wa Kwale walingoja hadi 2017 kupewa vitambulisho, na Wapemba wakatambuliwa 2023. Kila serikali inapoongeza kufuli mtandaoni, ikumbuke kuna watu ambao hata kibaraza hawajafikishwa.

Sasa tufanye nini? Naomba kila nyumba itenge saa moja, mwenye ujuzi amsaidie asiye nao.

Kwanza, kwa laini ya Safaricom piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, nenda dukani kwao iondolewe. Chagua laini moja iliyo kwa jina lako, na hiyo isiguswe.

Pili, funga mlango wa wizi wa laini. Matapeli huenda kwa wakala wakadai laini yako ni yao na imepotea, wakapewa mpya, na nambari zote zikaanza kuingia kwao. Safaricom wana *100*100# ya kuzuia laini yako isibadilishwe kwa wakala.

Tatu, ingia eCitizen uangalie simu na barua pepe zilizoandikwa ni zako za leo. Barua pepe iwe yako, si ya saiba. Hakikisha anwani inaishia na ecitizen.go.ke kabla ya kuandika chochote.

Nne, ukienda saiba, neno la siri andika mwenyewe, na usiondoke kabla ya kutoka kwenye akaunti. Asiyeweza kuandika aende na mtu wake wa nyumbani, au aende Huduma Centre.

Tano, mzee mwenye kabambe asidhani ameachwa. *147# inafanya kazi kwenye simu yoyote. Na vidole aandikishwe akiwa mzima, asingoje siku ya kubebwa. Kama havisomeki, ni heri ijulikane mapema.

Sita, na hili niwekee moyoni. Nambari iliyokuja kwenye simu yako haisomewi mtu. Si anayesema anatoka SHA, si anayesema amekutumia kwa makosa, si anayelia kwamba mwanao amepata ajali. Ofisi ya kweli haina haja ya kuiuliza. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia kwa Safaricom, utume kwa 333, ni bure.

Sisi tumefundishwa kwamba amana haichezewi. Ulikuwa ukimwachia jirani ufunguo wa nyumba kwa sababu unamjua baba yake na babu yake. Hawa wanaopiga simu hatuwajui. Na kwa wenye ofisi nasema hivi: kufuli nzuri ni ile inayomzuia mwizi na kumwingiza mwenye nyumba. Ikimfungia nje bibi mwenye vidole vilivyochakaa kwa kazi ya halali, bado haijakamilika, na wenye kuirekebisha ni nyinyi.

Wabillahi tawfiq.