Linux: Ekrani ikitetemeka, si lazima kompyuta iwe imekufa

Kompyuta inawashwa, alama ya kampuni iliyoitengeneza inaonekana vizuri, kisha ekrani inakuwa nyeusi. Siku ingine picha inatokea, lakini inatetemeka, inakatika vipande au inaacha mistari ya rangi. Kwa watu wengi waliotoka Windows na kuingia Linux, safari inaishia hapo: wanaamini kwamba mashine imekufa. Mara nyingi haijafa.

Jambo hili lilipata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa muda kidogo tu, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Katika miji kama Bukavu, Butembo na Bunia, ambako kompyuta nyingi zinazouzwa zimekwisha kutumiwa kwingine, Linux ni njia ya kuziongezea maisha bila kulipa leseni. Kizuizi kimoja kinachorudi mara kwa mara ni kadi ya picha.

Kadi hiyo haielewani na Linux moja kwa moja. Katikati kuna piloti, programu inayofanya kazi kama mkalimani. Mkalimani asipofaa, ujumbe unafika umeharibika, hata kama kadi na ekrani ni vizima.

Kutafuta kosa liko wapi

Fundi makini hafungui kompyuta kwanza. Anaangalia wakati kosa linapoanza. Kama mistari inaonekana tangu alama ya kampuni, kabla Linux haijaanza, kosa liko kwenye kadi, waya au ekrani yenyewe. Kama inaanza baada ya Linux kuingia, piloti ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kuna jaribio lingine jepesi: kupiga picha ya ekrani kwa kutumia kompyuta yenyewe, kisha kuiangalia kwenye simu au kompyuta ingine. Kasoro ikionekana katika picha hiyo, imetokea wakati kompyuta ilipokuwa ikichora. Isipoonekana, inafaa kuangalia pia waya na ekrani.

Kisha amri «lspci -k» inaonyesha jina la kadi na piloti inayotumiwa.

Kadi zote hazifanani

Kadi za Intel na AMD kwa kawaida hazihitaji kuongezewa kitu. Piloti zake zimo tayari ndani ya Linux, zikisaidiwa na Mesa, kazi ya wazi iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Kwa kadi hizo, kusasisha mfumo mara nyingi kunatosha.

Kwa Nvidia, historia ni ngumu zaidi. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilitoa piloti iliyofungwa, na watu wa kujitolea wakalazimika kuchunguza kadi wenyewe ili kutengeneza piloti ya wazi inayoitwa Nouveau. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliikemea Nvidia kwa maneno makali mbele ya watu. Miaka kumi baadaye, mwezi wa tano 2022, kampuni ilifungua sehemu ya piloti yake, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 na za baadaye tu.

Wenye kadi za zamani ndio wanaobaki na shida. Kadi za kizazi cha Fermi, kilichotoka mwaka 2010, zinaishia kwenye piloti za namba 390. Anayetumia mega mia kadhaa za intaneti kupakua piloti mpya kabisa anaweza kuishia na ekrani nyeusi, kwa sababu piloti hiyo haiitambui tena kadi yake.

Mlango wa dharura

Ekrani ikiwa nyeusi kabisa, bado kuna njia ya kuingia. Katika orodha ya GRUB inayotokea mwanzoni, mtu anabonyeza herufi «e», anaandika neno «nomodeset» mwishoni mwa mstari unaoanza na «linux», kisha anabonyeza F10. Picha inaweza kuwa kubwa kupita kiasi na nzito, lakini mara nyingi inatosha kwa kuondoa piloti mbaya na kuweka inayofaa. Neno hilo halibaki: kompyuta ikiwashwa upya, linapotea.

Kama shida imeanza baada ya kusasisha, orodha hiyo hiyo inaruhusu kuchagua kiini cha zamani cha Linux. Na kama picha inatetemeka tu, inafaa kujaribu, kabla ya kuandika neno la siri, kutoka Wayland na kuingia Xorg, pale ambapo chaguo hilo bado lipo.

Kwa anayetaka kununua, kinga ni rahisi: aende dukani na ufunguo wa USB wenye Linux, aombe kompyuta iwashwe nao bila kugusa diski, kisha afungue madirisha kadhaa na video moja. Muuzaji hapotezi kitu, na mnunuzi anajua hali ya kadi kabla ya kutoa pesa yake.