Kwa nini siasa za rafiki hukuchoma moyoni

Kiongoroni, kata iliyo ndani ya delta ya Rufiji wilayani Kibiti, ni vigumu kumkwepa mtu. Usafiri ni wa maji, na boti ya asubuhi ni ileile atakayopanda yule uliyebishana naye jana usiku. Kamba huvuliwa kwa kusaidiana. Mpunga ukikaribia kuiva, watu hupanda madungu kuulinda dhidi ya ndege na nguruwe, na jirani wa dungu la pili ndiye wa kuitwa jambo likiharibika. Msiba ukitokea, wachimba kaburi hawaulizani kadi za chama.

Mahali kama hapa, siasa haikai mbali na uhusiano wa watu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, wagombea wa vijijini hawakuwa sura za kwenye mabango. Walikuwa mashemeji, walimu wa madrasa, wenye mashua. Ukimnyima kura mtu wa namna hiyo, halafu akajua, hatasema umeikataa ilani ya chama chake. Atasema umemkataa yeye.

Maumivu hayo yana maelezo ya kisayansi, na ukiyafahamu unaweza kuokoa urafiki, usingizi na hata afya ya mwili.

Ubongo hulinda imani kama unavyolinda mwili

Mwaka 2016, watafiti Jonas Kaplan, Sarah Gimbel na Sam Harris walichapisha utafiti uliofanyika Los Angeles, Marekani. Waliwachukua watu 40 wenye msimamo mkali wa kiliberali, wakawaingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha wakawaonyesha hoja zinazopinga mambo wanayoyaamini. Baadhi ya mambo hayo hayakuwa ya kisiasa, kwa mfano kwamba Thomas Edison ndiye aliyevumbua balbu ya umeme. Hapo watu walilegeza msimamo bila shida. Hoja zilipogusa siasa, wengi hawakusogea.

Waliokataa zaidi kubadilika walionyesha msisimko mkubwa kwenye sehemu mbili za ubongo: amigdala, inayohusika na kutambua hatari, na insula, inayopokea taarifa za hali ya mwili na hisia. Huenda ndiyo maana mtu anayepingwa kuhusu chama chake huhisi moyo unakwenda mbio na tumbo linajikaza. Mwili unajiandaa kujihami ingawa mbele yake kuna maneno tu.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2003, uliongozwa na Naomi Eisenberger. Washiriki walicheza mpira kwenye kompyuta wakiamini wanacheza na wenzao, kisha ghafla wakaacha kupasiwa. Sehemu ya ubongo inayoamka mtu anapoumia mwilini iliamka pia kwa waliotengwa. Wanasayansi bado wanajadili maumivu hayo mawili yanafanana kiasi gani, lakini kwamba kutengwa kunauma hakuna anayebisha.

Kundi huzaliwa kwa kitu kidogo

Mwaka 1971, mwanasaikolojia Henri Tajfel wa Bristol, Uingereza, alieleza majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule. Aliwagawa kwa vigezo visivyo na maana yoyote, kama vile nani kakadiria zaidi idadi ya vidoti kwenye picha. Hawakukutana wala kuzungumza kama kundi. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao.

Kama vidoti vinatosha, chama chenye rangi, wimbo na historia ya familia kitashindwaje? Lakini Watanzania tuna mfano unaoonyesha kwamba kundi peke yake halilazimishi uadui. Simba na Yanga huumizana roho mwaka mzima, na bado mashabiki wake huitana watani wa jadi. Kejeli zina mipaka inayojulikana: shabiki akikucheka baada ya kipigo, hujiulizi kama anakuona mtu wa hovyo.

Siasa zetu zimeipoteza mipaka hiyo kwa kiasi kikubwa. Anayetetea serikali huitwa chawa au mtu wa buku saba, na mfuasi wa upinzani huitwa nyumbu. Hakuna hata jina moja kati ya hayo linalojibu hoja. Yote yanamtaja mtu: huyu kanunuliwa, yule hana akili. Anayeyasikia kila siku kwenye simu huanza kuyasikia hata rafiki yake asipoyatamka.

Tunasoma hukumu isiyokuwepo

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Samantha Moore-Berg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2020, waliwauliza wafuasi wa vyama viwili vikubwa vya Marekani wanawachukuliaje wapinzani wao, kisha wakawauliza wanadhani wapinzani wanawachukuliaje wao. Kila upande ulikadiria chuki na dharau ya upande wa pili kuwa takriban mara mbili ya ilivyokuwa kweli.

Hata delta ya Rufiji ina historia yake ya mgawanyiko wa namna hiyo. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa kufuga kamba wa African Fishing Company, uliokusudia mabwawa ya takriban hekta 10,000, ingawa baraza la taifa la mazingira, NEMC, lilikuwa na ushauri tofauti. Mwaka 1998 wanavijiji wakaenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira. Wapo waliotaka ajira na huduma, na wapo waliohofia mikoko, mashamba na uvuvi wao. Mwishowe mradi ulikufa kabla ya mabwawa hayo kuchimbwa.

Zitazame hoja zote mbili: kila moja ilibeba hofu ya riziki. Lakini katika ugomvi wa namna hii, anayetaka ajira husikia akiambiwa hana uchungu na ardhi ya wazee, na anayetetea mikoko husikia akiambiwa hataki maendeleo. Riziki ya mtu ikiguswa, msimamo wa jirani hugeuka kuwa kipimo cha kama anakujali.

Hofu yenye sababu

Haitakuwa haki kudai kwamba hukumu zote ni za kuwaziwa tu. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti na maeneo jirani yalikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji, raia na polisi. Aprili 13, 2017, askari 8 waliuawa katika shambulio moja. Wakati huo kujulikana una msimamo gani kungeweza kukugharimu maisha. Mwili uliopita katika hali hiyo hujifunza kushtuka mapema, na anayenyamaza siasa zikitajwa barazani huenda anajilinda tu.

Pemba nako hukumu ilikuwa ya kweli. Baada ya uchaguzi wa 1995, Salmin Amour alipotangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, wafuasi wa CCM na CUF walifika mahali pa kususiana maduka, magari, misikiti na hata maziko. Mpasuko huo ulianza kuzibika baada ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif kukutana Novemba 5, 2009. Katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 waliunga mkono serikali ya umoja wa kitaifa. Viongozi walipoacha kuhukumiana hadharani, majirani walipata ruhusa ya kurudiana.

Afya inaingiaje?

Mwaka 2019, Kevin Smith na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji Wamarekani 800. Karibu asilimia 40 walisema siasa zinawapa msongo wa mawazo, na karibu mmoja kati ya watano alikosa usingizi au aliharibu urafiki kwa sababu hiyo. Msongo wa muda mrefu huacha homoni kama kotisoli zikiwa juu, na huenda pamoja na shinikizo la damu.

Kupoteza watu nako kuna gharama. Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 mwaka 2010 na kukuta kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50 zaidi ya wasio nayo.

Ufanye nini?

Kwanza, tenganisha ulichoambiwa na ulichohisi. Jiulize: alitamka kwamba mimi ni mjinga, au nimejazia mwenyewe?

Pili, uliza kuhusu maisha yake kabla ya msimamo wake. "Ndugu yangu, lipi lilikupata hata ukaona hivyo?" hufungua mlango kuliko "unawezaje kuwapigia wale?" Joshua Kalla na David Broockman walionyesha mwaka 2020 kwamba mazungumzo ya kusimuliana bila kuhukumiana hupunguza chuki dhidi ya wahamiaji, na kwamba kipengele hicho kikiondolewa, faida hutoweka.

Tatu, sema kinachokuuma bila kukisukumia chama. "Uliposema watu wa kwetu wavivu, niliumia" ni jambo analoweza kulijibu.

Nne, shughuli za pamoja ziendelee: uvuvi, harusi, maziko. Pemba inatukumbusha ugumu wa kuzirejesha zikishakatika.

Na kama rafiki amekudharau kweli, au anakutisha, kukaa naye mbali ni haki yako. Amua kwa alichotenda, si kwa kadi aliyonayo. Usingizi ukipotea kwa zaidi ya wiki mbili, moyo ukawa unakwenda mbio mara kwa mara au ukashindwa kula, nenda zahanati. Waeleze na chanzo chake pia, maana msongo wa siasa huumiza mwili sawa na msongo mwingine.