Tamthilia ni kali, episodi moja imeboa: Uache au uendelee?

Jumapili moja usiku mdogo wangu alinipigia kutoka Mikumi. Hata shikamoo hakutoa.

"Dada, hii sizoni yako nimeachana nayo. Nimemaliza bando kwa upuuzi."

Sizoni yenyewe ni Stranger Things, na mimi ndiye niliyemwambukiza. Tuliianza pamoja nyumbani Kilosa, simu moja, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Sasa mimi niko Dar, yeye ni fundi kwenye gereji ya malori Mikumi, pembeni ya barabara ya TANZAM. Yeye dunia yake ni injini, mimi yangu ni habari, na simu zetu zilikuwa zimebaki za "mama anaendeleaje?" tu.

Ndiyo tukakubaliana: kila wiki episodi mbili, Jumapili tunapigiana kuzijadili. Ilikwenda vizuri mpaka alipofika msimu wa 2, episodi ya 7.

Jumapili iliyofuata hakupiga.

Kama na wewe kuna tamthilia uliitupa njiani kwa sababu ya episodi moja, hii ni yako. Kabla hujaifuta, ni vizuri ujue kwa nini kitu kikali huwa kinaharibika ghafla katikati.

Kilichotokea kwenye episodi ya 7

Tahadhari: kama hujafika msimu wa 2, ruka kipande hiki.

Msimu huo ulitoka tarehe 27 Oktoba 2017 ukiwa na episodi 9. Episodi ya 6 inaishia pabaya. Wanajeshi wameshambuliwa kwenye mahandaki, madude yanapanda kuelekea maabara, na watu unaowapenda wako ndani ya jengo hilohilo. Unabonyeza inayofuata huku moyo unadunda.

Episodi ya 7, "The Lost Sister", inakuhamishia Chicago. Eleven, yule binti mwenye nguvu za ajabu, anakutana na Kali, msichana mwingine aliyepitia maabara ileile, pamoja na genge lake. Wale uliowaacha hatarini kule Hawkins huwaoni karibu muda wote. Episodi inaisha, na wewe bado una arosto ya jana.

Chukulia umepanda basi Morogoro, unakwenda Mbeya. Mmefika Mikumi, dereva anakata kulia, anashika njia ya Kilosa bila kusema neno. Kilosa ni pazuri, mimi ni kwetu. Lakini wewe ulikata tiketi ya Mbeya.

Mdogo wangu si wa kwanza kukasirika. Mashabiki wa nchi nyingi waliilalamikia episodi hiyo tangu wiki iliyotoka. Na sababu za episodi kama hizi kutokea si nyingi.

Sababu ya 1: Waandishi wanafungua mlango mwingine

Tamthilia ndefu haiwezi kukaa chumba kimoja miaka yote. Waandishi hujaribu mji mpya, mhusika mpya, mwendo mpya. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inakata stimu.

Matt na Ross Duffer, ndugu walioibuni Stranger Things, walieleza baada ya lawama zile kwamba walishajaribu kuiondoa episodi hiyo ili waone kama inahitajika. Bila yake, safari ya Eleven ilivunjika na mwisho wa msimu haukufanya kazi. Ni Kali anayemfundisha Eleven kuigeuza hasira kuwa nguvu, na somo hilo ndilo analolitumia kwenye episodi ya 9, pale mambo yanapokuwa magumu kuliko yote.

Kwa hiyo kazi yake ilikuwepo. Kilichoudhi ni mahali ilipowekwa: katikati ya moto.

Na Kali hakupotea moja kwa moja. Alirudi msimu wa 5, mwaka 2025, miaka 8 baadaye.

Sababu ya 2: Hela na muda vimeisha

Tamthilia za sayansi ya kubuni ni ghali. Chombo cha angani, dude lenye meno, mji wa miaka 300 ijayo, vyote ni vya kutengeneza. Wakitumia sana kwenye episodi mbili tatu, kuna nyingine itakayolala njaa.

Mfano maarufu ni "Shades of Gray" ya Star Trek: The Next Generation, iliyorushwa tarehe 17 Julai 1989. Msimu ule ulishapunguzwa na mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 1988, na bajeti ilikuwa imebana. Wakafanya nini? Wakamlaza mhusika mmoja, Riker, kitandani akiwa mgonjwa, halafu wakajaza muda kwa vipande vya episodi za zamani, kwamba ndiyo kumbukumbu zake. Upigaji picha ulichukua siku 3 tu. Na hiyo ndiyo iliyofunga msimu!

Sasa sikiliza hii. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1990, tamthilia hiyohiyo ilifunga msimu wa 3 kwa "The Best of Both Worlds", moja ya episodi zinazosifiwa zaidi katika historia yake. Ikaendelea mpaka 1994. Aliyeitupa Julai 1989 alikosa mengi.

Sababu ya 3: Wazo halikuiva

Hapa hela ipo, muda upo, lakini wazo lenyewe ni bichi. Mwaka 1996, Star Trek: Voyager ilitoa "Threshold". Rubani anavuka mwendo ambao haukuwahi kuvukwa, halafu mwili wake unaanza kubadilika, mpaka yeye na kapteni wake wanageuka viumbe kama mijusi wakubwa. Mashabiki wanaitania mpaka leo, na mwandishi wake mwenyewe, Brannon Braga, amekiri kwamba ilikuwa mbovu.

Lakini episodi hiyohiyo ilishinda tuzo ya Emmy ya vipodozi vya waigizaji. Maana yake, hata kwenye episodi iliyoanguka kuna watu walifanya kazi yao sawasawa.

Sababu ya 4: Tatizo liko kwenye kopi yako

Hii wachambuzi wa nje hawaiongelei, ila sisi tunaijua.

Wengi wetu tumekulia kwenye muvi za kutafsiriwa, zile ambazo sauti moja inabeba wahusika wote, enzi za Lufufu na waliofuata. Kwenye ngumi na kukimbizana, raha tupu. Lakini ikija episodi ya taratibu, ambayo uzito wake uko kwenye macho ya mtu na kimya chake, ile sauti ya juu inafunika kila kitu. Utasema "hakuna kilichotokea", kumbe kimefunikwa.

Hivyo hivyo picha iliyobanwa mpaka giza lote limekuwa ukungu. Tamthilia nyingi za aina hii hupenda giza. Kabla ya kuilaumu episodi, jiulize: nimeiona kweli?

Sasa, uache au uendelee?

Jiulize haya matatu.

Kwanza, hadithi inaungana au kila episodi inajitegemea? Kizazi Moto: Generation Fire, mkusanyiko wenye jina la Kiswahili uliotoka Julai 2023, una filamu fupi 10 za watengenezaji wa Afrika. Kuna "Herderboy" ya Raymond Malinga wa Uganda na "Enkai" ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Moja isipokugusa, ruka. Hupotezi kitu. Lakini Stranger Things ni mnyororo. Ukiruka pete moja, mbele utauliza maswali.

Pili, kilichokuudhi ni nini hasa? Kama hadithi imesimama kidogo, hiyo ni homa, inapita. Kama wahusika wameanza kufanya mambo yasiyofanana nao, episodi baada ya episodi, huo ni ugonjwa. Hapo una haki ya kuondoka.

Tatu, umeipa nafasi ya kujirekebisha? Mimi kanuni yangu ni episodi mbili. Baada ya iliyokuboa, angalia mbili nyingine. Zikiboa na zenyewe, futa, lala.

Na kuhusu bando, malalamiko ya mdogo wangu ni ya kweli. Anayeangalia kwa Wi-Fi ya bure akiboeka amepoteza saa moja. Anayeangalia kwa bando la kununua amepoteza saa na hela. Kwa hiyo, kama programu unayotumia ina sehemu ya kuokoa data, iwashe kwenye mipangilio. Kwa kioo cha simu, tofauti ya picha si kubwa. Na kama unapata Wi-Fi mahali, pakua episodi mapema, ukaangalie nyumbani kwa nafasi.

Na Mikumi je?

Jumapili ya pili nilimpigia mimi. Sikumbembeleza. Nilimwambia tu kuhusu wale ndugu wawili waliojaribu kuiondoa episodi ya 7 na mwisho ukagoma kusimama.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema hiyo anaielewa. Kuna nati kwenye injini ukiitazama unaona haina kazi. Itoe uone.

Siku tatu baadaye, saa tano usiku, simu ikaita. Kwa nyuma nilisikia lori likipanda gia.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Vipi?"

"Ile ya 7 bado ni mbovu, usinidanganye. Lakini hii ya 8..."

Tukaongea mpaka salio lake likakata. Nikampigia mimi.