Flashi ya ukumbini: moja ya gharama au mbili za kawaida?

Kumbi zetu za harusi hazikujengwa kwa ajili ya mpiga picha. Dari imefunikwa vitambaa vya mpambaji, zambarau wiki hii, dhahabu wiki ijayo. Taa za rangi zinapanda kutoka chini ya kuta, DJ ana zake zinazozunguka, na nyuma ya meza kuu kuna ukuta wa maua unaong'aa kuliko nyuso za maharusi wenyewe. Kijana aliyenunua kamera mwaka jana na sasa amepata kazi yake ya kwanza ya usiku anauliza anunue flashi gani, na wengi watamtajia jina la kampuni iliyotengeneza kamera yake. Mimi namwambia apige hesabu kwanza.

Tuanze na mwenye Canon. Speedlite 600EX II-RT ilipotoka mwaka 2016 ilitangazwa Marekani kwa dola 579. Karatasi yake ya sifa inataja namba ya nguvu 60, kipimo cha mita kwa ISO 100, kichwa kikiwa kimevutwa hadi milimita 200. Godox TT600, inayotengenezwa Shenzhen, China, huuzwa Marekani kwa takriban dola 65, na namba yake ya nguvu ni hiyo hiyo 60 kwa kipimo hicho hicho. Kariakoo utakuta juu yake usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka, kwa hiyo usizichukue dola hizi kama bei utakayolipa. Angalia uwiano: moja ni karibu mara tisa ya nyingine, na mgeni aliyepigwa picha hawezi kukwambia ni ipi iliyomulika.

Kwenye ile ya dola 579 unalipia mambo mengine. Imezibwa dhidi ya vumbi na matone ya maji, ina udhamini wa kampuni kubwa, na ina TTL, yaani kamera huiamuru flashi irushe mwanga mdogo wa majaribio, hupima kiasi kilichorudi kupitia lenzi, kisha huamua yenyewe flashi iwake kwa nguvu kiasi gani. TT600 haina TTL. Unapanga mwenyewe kwa mkono: kamili, nusu, robo, mpaka 1/128.

Je, TTL inafaa kulipiwa? Kwa flashi inayokaa juu ya kamera, ndiyo, wala sioni sababu ya kubishana. Maharusi wanaingia wakicheza, wapambe mbele, mama mzazi anatoka pembeni na kanga anatandika njia. Umbali unabadilika kila hatua, na mwanga wa flashi hauna huruma na umbali: anayesimama mita 4 hupata robo tu ya kinachomfikia aliye mita 2. Huwezi kuwa unazungusha kitufe huku unarudi kinyumenyume. Ila TTL nayo ina upofu wake. Haijui kwamba gauni ni jeupe. Shela na gauni vikijaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi unatoka na giza. Suti nyeusi ya bwana harusi huleta kinyume chake. Wazoefu huongeza kama theluthi mbili za stopu gauni linapotawala picha, wakarudisha sifuri linapotoka.

Flashi inayokaa kwenye stendi haihitaji TTL. Stendi haitembei. Ukishapima mara moja pale mbele ya meza ya keki, nguvu ile ile itakufaa kwa keki, kwa ndafu, kwa shampeni na kwa hotuba ya mwenyekiti wa kamati. Kuilipia akili ya kamera kwa kazi hiyo ni kutupa pesa.

Sehemu ya sherehe inayopima flashi kuliko zote ni foleni ya kugonganisha glasi. Muziki unapanda, MC anaita upande wa kwa bibi harusi, kisha wa kwa bwana harusi, kisha wafanyakazi wenzao, kisha majirani. Wageni wanapita mbele ya maharusi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anageuka nusu sekunde kukutazama, na kila mmoja anategemea kuiona picha yake. TT600 yenye betri nne nzuri za kuchaji huchukua hadi sekunde 2.6 kujaa tena baada ya kuwaka kwa nguvu kamili, na Godox wenyewe wanaihesabia mara 230 kabla betri hazijaisha. V1 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2019 kwa takriban dola 260, ina betri yake ya lithiamu: hujaa kwa sekunde 1.5 na huwaka mara 480. Sekunde moja na nukta si kitu ukiwa unapiga familia iliyopangwa imesimama. Kwenye foleni ya glasi ni shangazi mzima amepita.

Hapa kuna akiba ambayo wengi hawaigusi. Ukipandisha ISO kutoka 800 hadi 1600, flashi inahitaji nusu tu ya nguvu kwa picha ile ile, kwa hiyo inajaa haraka na betri inadumu karibu mara mbili. Kamera nyingi za sasa hazionyeshi chembe za kutisha kwa ISO 1600, hasa kwa picha zitakazoishia kwenye albamu na simu. Shata ikiwa kati ya 1/60 na 1/100 utabaki pia na rangi za ukumbi nyuma, maana mpambaji naye amelipwa. Ukiona michirizi ya giza kwenye ukuta, tumia 1/100 au 1/50: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde.

Betri nazo zina hesabu yake. Betri kavu za kutupa zinaonekana rahisi kaunta, lakini zinavyoendelea kuisha ndivyo flashi inavyozidi kuchelewa kujaa, na usiku ukiisha ni takataka. Eneloop za kawaida za Panasonic zina angalau mAh 1900, na kiwanda kinazitaja kuwa za kuchajiwa hadi mara 2,100. Zile za Pro zina mAh 2,500 lakini zimetajwa mara 500 tu. Kwa mtu wa harusi ninapendekeza zile za kawaida, seti mbili za nne nne kwa kila flashi, na chaja inayochaji kila betri peke yake. Sherehe tatu nne zikipita, bei ya betri kavu itakuwa imeshazidi ya hizo.

Sasa turudi kwenye dari. Mbinu ya kwanza anayofundishwa kila mpiga picha ni kuelekeza flashi juu ili mwanga urudi umetawanyika na laini. Kwenye ukumbi wenye dari nyeupe ya mita tatu inafanya kazi vizuri sana. Kwenye ukumbi uliopambwa kwa kitambaa cha zambarau, mwanga unarudi zambarau, nao huo huo ndio unaokaa kwenye mashavu ya watu. Kwenye dari ndefu ya mabati unarudi kidogo mno na flashi inalazimika kuwaka kwa nguvu kamili kila mara. Kwenye bustani hakuna dari kabisa, ingawa turubai jeupe husaidia. Ndiyo maana flashi ya pili pembeni, yenye mwamvuli mweupe, inabadilisha picha za ukumbini kuliko kuongeza dola 300 kwenye flashi ya kwanza. Mwanga unatoka ubavuni, ngozi nyeusi inapata ule mng'ao wake wa shavuni na kwenye paji la uso, na kivuli kilichokuwa kimeganda ukutani nyuma ya kichwa kinaondoka. Funga mfuko wa mchanga mguuni mwa stendi. Watoto wa harusini hawana breki.

Na hesabu ndiyo hii. V1 ikiwa juu ya kamera inaweza kuiamrisha TT600 kwa redio bila kifaa kingine chochote, kwa hiyo hununui ile rimoti ya takriban dola 70. Dola 260 na 65 ni 325. Kutoka kwenye 579 ya Canon zinabaki dola 254, na humo uwe na stendi, mwamvuli, betri ya akiba ya V1 na betri za kuchaji za TT600. Asiye na fedha hizo aanze na flashi yoyote ya TTL ya mfumo huo huo inayotumia betri nne ndogo, aongeze ya stendi baadaye. Nasisitiza mfumo huo huo kwa sababu Yongnuo YN560 IV, ambayo nayo ni ya bei ya chini na imara, ina redio yake isiyoelewana na ya Godox. Ukinunua leo moja ya huku na kesho moja ya kule, utakuwa na flashi mbili zisizosalimiana.

Wapo wanaosema LED inatosha, maana mpiga video tayari anayo. Wati-sekunde za V1 ni 76, zote zinatoka kwa mpigo mmoja. LED ya wati 60, shata ikifunguka 1/125 ya sekunde, inatumia chini ya nusu ya wati-sekunde kwenye picha yako. Hata ukikubali kwamba LED inageuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, pengo halizibiki, na bibi mzaa baba wa watu atakuwa amemulikwa machoni muda wote wa chakula. LED ni ya video, iachie video. Jambo moja tu la kupatana na mwenye video mapema: flashi yako ikiwaka anaporekodi, mara nyingi fremu yake hukatwa na mstari mweupe, kwa hiyo wakati wa viapo na machozi piga chache.

Juu kabisa ya bei kuna Canon EL-1, iliyotangazwa mwaka 2020 kwa dola 1,099, inayojaa kwa sekunde 0.9, na Profoto A1 ya mwaka 2017 iliyokuwa dola 995. Ni vifaa safi. Ila hiyo EL-1 Canon wanaihesabia mara 335 kwa chaji moja, pungufu ya V1. Anayefanya harusi mbili kwa wiki na ana fundi wa uhakika wa kampuni anaweza kuilipia kasi hiyo. Chini kabisa kuna mtumba wa miaka ya 1970 na 1980, na huko nakukataza: baadhi ya flashi hizo hupeleka volti zaidi ya 200 kwenye kiatu cha kamera, na kamera ya kidijitali ya leo inaweza kufa.

Kwa kamati ya harusi inayosoma hapa ikitafuta mpiga picha: ombeni kuona albamu nzima ya usiku mmoja ukumbini. Picha tano za ufukweni saa kumi na moja jioni haziwaambii lolote kuhusu flashi.

Dukani, soma herufi ya mwisho kwenye boksi. Kwa Godox, C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony, F ya Fujifilm. Flashi ya N kwenye Canon haitakupa TTL. Wenye Canon EOS 2000D, 4000D na 250D waangalie zaidi, kwa sababu Canon waliondoa ile pini ya katikati kwenye kiatu cha kamera hizo, na flashi ya pini moja kama TT600 haiwaki ikipachikwa juu yake, hata iwe mpya namna gani. Stendini itawaka, mradi kilicho juu ya kamera kinaongea Canon. Nenda na kamera yako na betri zilizojaa, pachika, piga mara kumi mfululizo kwa nguvu kamili mbele ya muuzaji, ndipo utoe pesa.