Ngao ya Mtoto Huvaliwa Kwanza na Mama

Ndugu askari, hakuna kati yetu aendaye mstari wa mbele kwanza na kutafuta silaha baadaye. Hata hivyo, wengi wetu huwaacha wake zetu waingie katika uzazi bila ya chanjo ya pepopunda.

Ugonjwa huu ni adui wa zamani wa majeshi. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na humwingia mtu kwa jeraha. Katika vita vya 1939 hadi 1945, Jeshi la Marekani, ambalo askari wake walikuwa wamechanjwa, liliandika wagonjwa 12 tu. Kitovu cha mtoto mchanga nacho ni jeraha. Kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa samadi, vijidudu hupata njia. Mtoto hunyonya vizuri siku 2 za mwanzo. Kisha taya hukaza, mwili hukakamaa, na asipotibiwa kwa kawaida hufa.

Tumfikirie koplo aliye kazini mbali, na mkewe mja mzito aliyebaki Kilembe. Jirani amemwambia kuwa sindano hiyo hufunga kizazi. Anampigia mumewe simu: "Baba watoto, niende au nisiende?"

Uvumi huo si mgeni. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai kuwa chanjo hiyo ilitiwa kitu cha kuzuia uzazi. Serikali ya Kenya ilikanusha, na mashirika ya WHO na UNICEF yakatamka kuwa chanjo ni salama. Nasi tutazame kambini mwetu: akina mama waliochanjwa miaka iliyopita, je, hawakuendelea kuzaa?

Sindano haina kijidudu hai. Ina sumu iliyoondolewa makali, ili mwili wa mama umtambue adui na kutengeneza kinga. Kinga hiyo humfikia mtoto tumboni kupitia kondo la nyuma. Mkono waweza kuuma siku moja au mbili, basi.

Wapo wasemao: "Tutazalia hospitali, chanjo ya nini?" Kilembe yenyewe inajibu. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika. Mei 2020 ulifurika tena, ukaivamia hata Hospitali ya Migodi ya Kilembe, na wagonjwa wakahamishwa. Uchungu haungojei barabara itengenezwe. Lakini kinga iliyomo damuni haichukuliwi na maji.

Mama asiyewahi kuchanjwa hupata sindano ya kwanza mara afikapo kliniki ya wajawazito, na ya pili baada ya wiki 4, angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Ya tatu hufuata baada ya miezi 6, kisha 2 nyingine, kila moja baada ya mwaka. Kadi yake na itunzwe kama kitambulisho cha kazi.

Mwaka 2011 ilithibitishwa kuwa Uganda imeushusha ugonjwa huu hadi chini ya mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, wilaya kwa wilaya. Lakini vijidudu vingali udongoni. Lindo likiachwa wazi, adui hurudi.

Basi koplo wetu hana budi kujibu upesi: "Nenda, mama watoto, nenda leo, wala usiningoje mimi nipate likizo."