Nyota Zibadilikazo Juu ya Songea



Mtu akitoka nje ya mji wa Songea katikati ya mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, yapata saa sita za usiku usio na mbalamwezi, akaelekea kusini, ataona doa jeupe mfano wa kiwingu kisichosogea. Hilo ni Wingu Dogo la Magellan, nalo si wingu bali ni galaksi ndogo, yaani mkusanyiko wa nyota, iliyo kando ya galaksi yetu kubwa ya Njia ya Maziwa kama ndama kando ya mamaye. Akiinua macho kutoka hapo kuelekea utosini, atapita mahali paonekanapo patupu. Hapo yupo ndama mwingine, na huyo ndiye tumwelezaye leo.

Jina lake ni Sculptor, maana yake Mchongaji. Alionekana kwanza katika picha zilizopigwa katika bara letu hili, kwa darubini ya Bloemfontein, Afrika ya Kusini, na Harlow Shapley wa Harvard, Marekani, akatangaza habari zake mwaka 1938.

Je, yuko mbali kadiri gani? Tuonapo nuru ng'ambo ya bonde usiku, hatuwezi kujua kama ni kandili iliyo karibu au karabai iliyo mbali. Lakini ziko nyota zijitambulishazo zenyewe. Nyota za aina ya RR Lyrae hufura na kunywea, na kwa hiyo hung'aa na kufifia, kisha hung'aa tena, kwa muda wa nusu siku hivi. Ni nyota za kale sana, zenye umri upatao miaka milioni elfu kumi, na nguvu ya nuru yao hukaribiana popote zilipo, kama kandili za kiwanda kimoja. Basi mtaalamu hulinganisha picha za usiku mbalimbali; kitone kilichokuwa kikubwa jana na leo ni kidogo, hicho hukifuata. Ni kazi ya subira, wala si ya kila mtu.

Zamani umbali wa Mawingu ya Magellan ulipimwa kwa nyota nyingine zibadilikazo, ziitwazo Sefeidi. Mwaka 1952 A. D. Thackeray na A. J. Wesselink wa Pretoria walizipata RR Lyrae katika Mawingu hayo, wakaziona hafifu kupita matarajio, kama robo tu ya nuru iliyodhaniwa. Nasi twajua kwamba taa ikiwekwa mbali mara mbili, nuru itufikiayo hupungua ikawa robo. Kumbe Sefeidi zilikuwa karabai zilizodhaniwa kandili! Habari hiyo, pamoja na ile ya Walter Baade wa Marekani, ilisomwa mkutanoni Roma mwaka uo huo, na umbali wa galaksi zote zilizopimwa kwa Sefeidi ukaongezwa maradufu.

Katika Sculptor wataalamu wamekwisha kuhesabu RR Lyrae zaidi ya 500. Nuru yao huchukua miaka 280,000 hivi kutufikia, na kila moja ni hafifu kama mara laki nne kuliko nyota ya mwisho iwezayo kuonekana kwa jicho tupu. Kwa hiyo asiye na darubini kubwa asijisumbue kuzitafuta. Wingu Dogo, walakini, laonekana vema, mradi taa ya uani izimwe kwanza.