Kikombe cha Nguzo na Ufa Usioonekana

Misitu ya wilaya ya Mufindi, Tanzania, hukilisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo, na mikaratusi yake huwa nguzo za umeme. Juu ya nguzo hukaa kikombe, kipande cha kauri kinachotenga waya na nguzo. Nguzo ikielemewa hupinda, hulia, nyuzi zake hukatika moja moja. Kauri haitoi taarifa: ilikuwa nzima, ghafla ni vipande viwili.

Chanzo ni nyufa ndogo zilizobaki tangu tanuruni. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini nyufa ndogo hudhoofisha vitu: nguvu hurundikana kwenye ncha ya ufa. Chuma hulegea kidogo pale kwenye ncha, na ufa ukapoteza makali, lakini kauri hailegei. Ndiyo maana mwaka 1975 watafiti wa Australia walishangaza wengi kwa kauri ya zirkonia, ambayo chembe zake hutanuka ufa unapofika na kuubana.

Maabara hupima uimara wa kauri hivi. Kijiti cha kauri chenye upana wa milimita 4 na unene wa milimita 3 hulazwa juu ya vigingi viwili, kisha hukandamizwa kutoka juu. Upande wa chini huvutika, na huko ndiko ufa huanzia. Baada ya mlio mkali, mpimaji huokota vipande na kuvitazama kwa hadubini. Eneo moja dogo linang'aa kama kioo. Kuanzia hapo mistari ya mkwaruzo inatawanyika. Katikati ya mng'ao huo kuna kitundu au chembe ngeni: ndiyo iliyovunja kijiti.

Kijiti kimoja hakitoshi, kwa kuwa kila kimoja kina dosari yake. Kwa hesabu za Msweden Waloddi Weibull, huvunjwa vijiti kama 30 ili kujua uwezekano wa kuvunjika kwa kila kiwango cha mzigo. Kipande kikubwa huwa dhaifu zaidi, maana kina nafasi zaidi ya kuficha ufa mkubwa. Kwa kuwa dosari hazionekani kwa macho, vikombe vya aina ya kuning'inia huvutwa kiwandani kimoja kimoja, ili vilivyo dhaifu vivunjikie huko.

Kaolini, udongo wa kutengenezea kauri nyeupe, ipo Malangali, humo humo Mufindi. Tukitaka kuigeuza vikombe, tuwekeze kwanza kwenye mashine za kuvunjia na mafundi wa kuzisoma nyufa. Fundi aliye juu ya nguzo anastahili kauri iliyopimwa.